Shilingi Moja, Budadiri

Ndiyo, kamati, nimeitoa mimi.
Andikeni: Wopata, mweka hazina,
ametoa shilingi moja
katika fedha za buni za msimu huu.

Risiti ya mnunuzi wa Mbale ilisema
milioni tisa, laki sita, elfu tisini na tisa,
mia sita tisini na moja.
Niliisoma chini ya taa ya sola,
mvua ya Masaba ikipiga mabati,
na hiyo moja ya mwisho
ikanikaa jichoni kama kapi la kahawa.

Nikaanza na mbili, kama tulivyofundishwa.
Ikabaki moja.
Tatu, ikabaki moja.
Tano, moja. Saba, moja.
Kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba,
ile ile,
imekaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga.
Na kwa kumi na tisa, yaani sisi,
pamoja na Gidudu asiyehudhuria,
ikabaki moja.

Mnaijua shilingi moja?
Hakuna duka Sironko linaloipokea.
Hata hamsini huchekwa sokoni,
unapewa peremende na kuambiwa, nenda.

Lakini itoeni, muone.
Kinachosalia ni mbili mara tatu mara tano mara saba
mara kumi na moja mara kumi na tatu
mara kumi na saba mara kumi na tisa.
Kila moja imeingia mara moja tu,
hakuna aliyepanga foleni mara mbili.
Namba tasa nane, za kwanza kabisa,
zimebanana, sindano haipenyi.

Nabulo aliinua uso nilipotamka tasa.
Neno hilo analijua:
mama mkwe wake amelitwanga kinuni
miaka kumi na miwili.
Nikamwambia, Nabulo, kwenye hesabu
tasa ni yule asiyekubali kugawanywa
ila na moja, au na nafsi yake,
na namba nyingine zote, hata hii ya mamilioni,
zimezaliwa na tasa.
Hakucheka. Aliomba kalamu,
akaandika 19 kiganjani.

Basi kila mtu amepata
laki tano na elfu kumi, mia tano na kumi.
Isomeni: mia tano na kumi, mia tano na kumi,
kama mtu mwenye shaka kwamba amesikika.
Ni mia tano na kumi
mara elfu moja na moja.
Moja, tena! Hapo ina kazi.
Sijaichukia moja, kamati. Ina mahali pake.

Khainza aliomba kuingia siku ile ile ya mgawo.
Nikamwambia subiri.
Kwa watu ishirini zinabaki kumi,
maana mbili imo mara moja tu,
na nne haina pa kukanyaga.
Ameninunia mpaka leo.

Sasa niwaambie ambalo hamkuuliza.
Usiku nilianza kuionea huruma namba ya risiti,
ile nzima, na moja yake.
Nane zote zimeikataa.
Je, nayo ni tasa?
Ishirini na tatu, ikabaki kitu.
Ishirini na tisa, kitu.
Usiku tatu, kurasa za daftari la mtoto,
tasa sitini na moja zikifuatana,
mke wangu akisema, Wopata, zima taa,
hata ng'ombe amelala.
Ya sitini na moja ilikuwa mia tatu arobaini na saba,
nayo ikafungua, bila baki:
elfu ishirini na saba, mia tisa hamsini na tatu.

Kumbe ilikuwa na watu wake, mbali.
Laiti tungekuwa mia tatu arobaini na saba
msingekuwa na mwizi.

Fedha zilikuja kwa simu;
shilingi hiyo haikuwahi kuwa chuma.
Ilinibidi nimwombe bibi Mugide sarafu ya kale
ili niwe na cha kurudisha.
Hii hapa, ndani ya kibiriti.
Ihesabuni.